Balbu za waifai na swichi ya waifai: miezi minne ya kuzitumia South B, Nairobi

Nilinunua balbu tatu za waifai, zile unazoziwasha na kuzizima kwa simu, na swichi moja ya ukutani ya aina hiyo hiyo kwenye duka dogo la Luthuli Avenue, pale ambapo muuzaji anakuwashia kila kitu ukiangalia kabla hujatoa pesa. Balbu shilingi 1,100 kila moja, swichi 2,600 baada ya kubembelezana sana. Jina la kampuni silitaji kwa sababu halitakusaidia: balbu hizi hizi zinauzwa kwa majina mengi, boksi ndilo hubadilika.

Nianze na balbu, maana ndizo zilizonigombanisha na mama yangu.

Kwanza angalia holda zako. Za kwangu ni za kupachika, si za kuzungusha. Ukikosea hapo unarudi mjini kwa nauli yako mwenyewe. Kuziunganisha ndiko kulikonila jioni nzima. Unaizima na kuiwasha balbu mara tatu mpaka ianze kupepesa. Ikipepesa haraka ina maana yake, ikipepesa polepole ina maana nyingine, na kikaratasi cha maelezo kimeandikwa kwa herufi za ukubwa wa chawa. Programu yake ya simuni ikaniambia imeshindikana, jaribu tena. Nikajaribu mara saba. Kumbe balbu hizi zinashika waifai ya gigahezi 2.4 peke yake, na simu yangu ilikuwa imejishikia ile ya 5. Sentensi moja tu ya kuniambia hivyo ingenipa muda wa kupika chapati.

Basi zikawaka, na wiki mbili nilijiona mjanja. Taa ya koridoni ilijiwasha saa kumi na moja alfajiri binti yangu akiamka kwenda shule, ya sebuleni nikaizima nikiwa kitandani.

Halafu mama akaja kutoka Voi, kwa ajili ya kliniki ya goti.

Mama amezima taa ukutani maisha yake yote. Anatoka chumbani, anazima; anapita koridoni, anazima. Ukizima ukutani, balbu ya waifai haina stima, haina akili, na simu inakuambia haipo hewani. Alfajiri taa haikujiwasha, mtoto akachelewa basi la shule. Nikabandika karatasi kwenye kila swichi kwa selotepu: USIZIME. Mama akazisoma moja moja, akavua miwani. "Mwanangu, hii ni nyumba ama ni ofisi ya chifu?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Ilibidi nimfundishe mtu mzima kutotumia kitu alichokijua vizuri, ili kifaa changu kisichanganyikiwe.

Kilichonimaliza kabisa ni usiku ule stima ilipopotea. Ilirudi saa tisa, na balbu zote tatu zikawaka kwa nguvu zote, mwanga mweupe kama wa wodi. Mtoto akaanza kulia. Mama alishaanza kutandika kitanda akidhani kumekucha. Nilipotafuta kwenye programu, nikakuta mpangilio wa jambo hilo umefichwa hatua nne chini: stima ikirudi, balbu iwake, izimike, au irudi ilivyokuwa. Imetoka kiwandani ikiwa kwenye "iwake".

Sababu ipo, na nimeielewa baadaye. Mtu akizima na kuwasha ukutani anategemea kuona mwanga, kwa hiyo balbu hujiwasha kila ipatapo stima. Shida ni kwamba balbu haina njia ya kujua kama aliyekata stima ni mama au ni transfoma. Kwa nyumba ambayo stima hupotea, akili ya taa haifai kukaa ndani ya balbu.

Sasa swichi. Hii naisifu.

Ila kabla ya sifa, ukuta. Fundi wa stima alipofungua kisanduku alinionyesha waya mbili tu: moto unaoingia na moto unaokwenda kwenye taa. Nyutro, yaani waya ya kurudishia stima, hupita darini moja kwa moja hadi kwenye holda, na swichi yangu inaitaka nyutro ili ibaki macho hata taa ikiwa imezimwa. Zipo zisizoihitaji, lakini hizo hupitisha mkondo kidogo kwenye taa yenyewe, na balbu za LED zinaweza kupepesa usiku kucha usipofungiwa kidude cha ziada kwenye taa. Fundi akavuta waya kutoka darini, 1,500 na chai. Ukiwa mpangaji, mwambie keateka kabla. Na usimsikilize muuzaji akikuambia swichi hii itabeba na shawa ya moto. Imeandikwa ampea 10. Shawa ya wati 5,500 inavuta karibu 23. Fundi wangu alicheka tu.

Nilikuwa nimeitamani ile ya kioo, ya kugusa. Nashukuru sikuwa na pesa. Gizani unapapasa ukuta, na kwenye kioo kupapasa kwenyewe ndiko kuwasha. Hii yangu ina kitufe cha kweli, kinachosukumika na kulia "tak". Intaneti ikikatika kinafanya kazi. Ukikibonyeza kwa mkono, simu inajua papo hapo na ratiba yangu haiharibiki. Stima ikirudi, taa inabaki ilivyokuwa. Ina kijitaa kidogo cha kukuonyesha ilipo usiku, na ukikichoka unakizima.

Mama aliitumia tangu siku ya kwanza. Wiki ya pili ndipo nilipomwambia kwamba hiyo ya koridoni nayo ni ya waifai. Aliiangalia, akaibonyeza mara mbili, akasema, "Hii imelelewa."

Malalamiko ninayo mawili. Programu inataka kujua nilipo hata kuwasha taa tu, na ratiba inabidi uipange siku kwa siku, saba zote. Spika ya kuamrisha kwa sauti sikuongeza. Ile aliyo nayo dada yangu haijui Kiswahili, na sitamfundisha mama Kiingereza cha kuzimia taa.

Balbu: sizipendekezi, labda kwa taa ya mezani ambayo haina swichi ya ukutani. Moja iko huko sasa, mbili nimempa dada. Swichi: nunua, lakini kwanza mwite fundi afungue kisanduku.

Fundi anarudi Jumamosi na swichi mbili zaidi, ya sebuleni na ya chumba cha mama. Karatasi za USIZIME nilizibandua jana. Selotepu imeondoka na rangi, na mwenye nyumba bado hajaona.