TAHADHARI: "Dawa ya mishumaa" wanayouziwa vikundi vya akina mama Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nawaandikia hasa wenzangu wa Wete, Konde na Chake Chake, kwa sababu bwana anayeiuza bado anazunguka.

Kikundi chetu kinakusanya mafuta yaliyokwisha kukaangia kutoka kwa wauza bajia, chipsi na samaki. Yalikuwa yakimwagwa mitaroni, tukaona tuyageuze mishumaa, umeme ukikatika tuwe na cha kuwasha na cha kuuza. Akaja yeye na unga mweupe: kijiko kimoja, lita nzima inaganda. Akatuonesha hapo hapo. Akapasha, akatia unga, akamimina kwenye vikombe vya kahawa. Mshumaa ukatoka mgumu, mweupe, unawaka vizuri. Tukachanga shilingi 5,000 kila mtu, watu 14, tukanunua pakti mbili.

Jambo nililoliona siku ile nikalipuuza ni hili: mafuta aliyoyatumia hayakuwa yetu. Aliyamimina kutoka kwenye chupa yake ya chai, eti yapate moto haraka. Yalikuwa meupe pe, hayana hata harufu ya samaki. Ile ilikuwa nta ya mishumaa ya dukani, ameiyeyusha kwao akaja nayo ikiwa moto.

Yetu yalitoa povu, yakazidi weusi, asubuhi tukakuta uji. Dada mmoja alishika ule unga na mkono umelowa. Vidole vikawa vinateleza kama mtu aliyeshika sabuni, halafu vikaanza kuunguza. Tukamwagia maji mengi, muda mrefu, lakini ngozi ilikwisha kubabuka. Na sufuria ya alumini tulipoitia maji tuioshe, ikachemka yenyewe bila ya moto, ikabaki na vishimo.

Hiyo ni kostik soda, ya kutengenezea sabuni. Mafuta hayawi mshumaa kwa kostik, hata utie gunia. Na mtu anawauzia watu wenye watoto ndani, kwenye mfuko mtupu usio na maandishi!

Kinachogandisha kweli ni asidi ya stiariki. Ni vipande au punje nyeupe, ukizigusa kama nta. Inaelea juu ya maji wala haiyeyuki humo, na jikoni inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 70. Nayo inataka nyingi, kijiko kwa lita ni uongo. Kabla hamjatoa pesa, chukueni chembe kwa kijiti, si kwa mkono, mtie kwenye glasi ya maji baridi. Ikiyeyuka na maji yakapata joto, mrudishieni mzigo wake. Na ajaribu kwa mafuta yenu, ya kwenye dumu lenu, mlipe kesho yake mkishaona yameganda.

Pakti iliyobaki tumeifunga kavu, tunaipeleka kwa sheha. Aliyeuziwa naye aseme ilikuwa wapi na siku gani, na asiitie maji wala asiiache watoto wanapofika.