Nimebadilisha potenshomita na nobu za gitaa langu la umeme: uzoefu wangu

Huu ni mwezi wa tano tangu nifunge seti ya potenshomita mbili (vile vidude vya ndani vinavyopandisha na kushusha sauti au toni) na nobu zake mbili, yaani vishikio vya kuzungushia, na gitaa nalipiga karibu kila siku. Potenshomita nazipa tisa kwa kumi. Nobu zilizokuja nazo, nne. Yale maelezo ya muuzaji kwamba seti "inafaa magitaa yote" hayapati kitu.

Kilichonifikisha huko ni mkwaruzo. Nikigusa tu nobu ya sauti, amplifaya inalia kama mtu anakanyaga majani makavu, na ikifika katikati sauti inakatika kabisa. Mwanzoni nilipulizia dawa ya kusafishia viungio vya umeme kwenye kile kitundu kilicho juu ya miguu mitatu ya potenshomita, nikaizungusha huku na huku kama mara thelathini. Ikanyamaza. Wiki mbili baadaye kelele zikarudi palepale. Dawa huondoa vumbi na uchafu, lakini utepe wa kaboni uliokwisha kulika hauwezi kuota upya.

Gitaa langu lina pikapu mbili za hambaka, yaani vinasa mtetemo wa nyuzi vyenye koili mbili kila kimoja (pikapu za gitaa, wenye magari mtulie), kwa hiyo nilichukua potenshomita zenye ukinzani wa kilo-omu 500. Pikapu zenye koili moja kwa kawaida hufungiwa za 250, la sivyo sauti inakuwa kali mno. Kabla ya kufunga nilizipima kwa mita: moja ilisoma 463, nyingine 518. Usishtuke, potenshomita nyingi huruhusiwa kupishana asilimia 20 juu au chini.

Kilichonifurahisha zaidi ni herufi A mbele ya namba. Zile za zamani zilikuwa B, yaani ukinzani unabadilika kwa kiwango kilekile mwanzo hadi mwisho. Kwenye karatasi inapendeza, ila sikio halisikii hivyo: ukishusha kutoka kumi hadi nne huoni tofauti ya maana, halafu ghafla sauti inaporomoka. Za A zinashuka taratibu, na sasa naweza kupunguza sauti kwa kidole kidogo katikati ya wimbo nikajua nitaishia wapi.

Sasa kasheshe. Potenshomita za zamani zilikuwa zile ndogo, shingo yake (ile sehemu inayopita kwenye tundu la gitaa) milimita nane. Hizi mpya ni kubwa, shingo milimita tisa na nusu, hazikuingia kwenye mbao. Nikapanua matundu kwa tupa ya duara, polepole, upande wa nyuma, huku nimebandika utepe wa karatasi upande wa mbele ili rangi isibanduke. Jioni nzima ikaishia hapo.

Kosa la pili nilijitakia mwenyewe. Nobu za seti sikuzipenda, ni plastiki nyepesi na namba zake zimechapwa kombo, nikaamua kurudisha zile za zamani. Nikabonyeza, hazikuingia. Nikabonyeza kwa nguvu, tap! Moja ikapasuka. Nilipoangalia kwa kioo cha kukuzia ndipo nikahesabu: fimbo mpya, ile ya potenshomita inayoingia kwenye nobu, ina meno 24, nobu yangu ilichongwa kwa fimbo ya meno 18. Kwa jicho la kawaida zinafanana kabisa. Na kama fimbo ni nzima, haina meno wala mpasuko, inataka nobu ya skrubu ya ubavuni.

Kung'oa nobu iliyogoma, tafadhali weka bisibisi mbali. Mimi nina alama ya kudumu kwenye rangi. Pitisha kitambaa chembamba chini ya nobu, kizungushe, shika ncha zote mbili kisha vuta juu sawasawa.

Kulehemu hakukuwa na shida, isipokuwa waya wa ethi unaoshikwa mgongoni mwa potenshomita. Lile bati linanyonya joto, na pasi yangu ndogo ilikuwa inapaka risasi juujuu tu. Nilikwangua bati kwa msasa, nikaazima pasi kubwa zaidi, ikashika kwa sekunde tatu. Kushikilia pasi dhaifu dakika nzima ndiko kunakounguza vya ndani. Kapasita ya toni, kile kijidude kinachopunguza ukali wa sauti, niliiacha ileile ya mikrofaradi 0.022, haikuwa na kosa.

Nilipochomeka waya, nobu ya sauti ikafanya kazi kinyumenyume: nikipandisha inashuka. Nilikuwa nimebadilishana miguu miwili ya pembeni. Picha niliyopiga kwa simu kabla ya kukata waya ilimaliza ubishi.

Hizo potenshomita ningezinunua tena, zenyewe bila nobu. Nobu ya toni bado inacheza kidogo kwenye fimbo. Nimeshapanua mpasuko wa fimbo kwa ncha ya kisu mara mbili, na nadhani ya tatu inakaribia.