Kitalu cha mishokishoki karibu na Kizimbani: uteuzi mzuri, vibandiko vya majina dhaifu

Anayepanda kokwa ya shokishoki hana hakika na atakachovuna. Miti inayoota kwa kokwa haifuati mama yake, mingi hutokea kuwa midume isiyozaa kabisa, na mkulima hayajui hayo mpaka awe ameilea kwa miaka 5 au 6. Ndiyo maana hununua miche ya kubebesha, yaani iliyobandikwa jicho (chipukizi changa) la mti mama uliochaguliwa, na kitalu ninachokieleza hapa, kilichopo mashamba ya karibu na Kizimbani, Unguja, ndicho ninachokiamini kuliko vingine.

Ubora wake unaanzia kwenye mti mama. Mwenye kitalu hachukui macho kutoka mti wowote uliojaa matunda msimu huu. Huutazama kwa misimu kadhaa, kwa kuwa mshokishoki uliozaa mno mwaka mmoja huweza kupumzika mwaka unaofuata, na unaomfaa mkulima ni ule unaozaa kila mwaka, hata kama matawi yake hayalemewi. Kisha huonja. Tunda likiwa tamu lakini nyama yake ikabanduka pamoja na ganda la kokwa, mti huo huachwa, na katika hilo naafikiana naye kabisa, kwani hakuna kinachomkera mlaji wa shokishoki kama kutafuna ganda hilo. Aliniruhusu kuonja matunda ya miti mama kabla sijalipa, jambo ambalo sijalikuta kwenye vitalu vingine.

Kazi ya mikono nayo ni safi. Jicho hukatwa kwenye tawi la mti uliokwisha kuzaa, likabandikwa kwenye mche ulioota kwa kokwa mbichi, maana kokwa ikikaa nje ya tunda kwa wiki moja hivi haioti tena. Viungo vya miche niliyopewa vilikuwa vimeshika, na mizizi haikujikunja ndani ya kifuko. Miche niliyoipanda masika ilianza kuzaa mwaka wa tatu, na nyama ya matunda yake inaachia kokwa vizuri.

Upungufu uko kwenye kumbukumbu. Jina la mti mama huandikwa kwa kalamu juu ya kibandiko cha karatasi, mvua ikinyesha maandishi yanafutika, na kazi yote ya uteuzi inapotea pale pale. Nchini Malaysia mishokishoki teule imesajiliwa kwa herufi R na namba, kama R162 na R191, hivyo mnunuzi anajua anachopanda; huku kwetu kipande cha bati kilichotobolewa namba kingetosha. Aidha, wauzaji hawamwelezi mteja kwamba machipukizi yanayotoka chini ya kiungo lazima yakatwe, kwa kuwa hayo ni ya mche wa kokwa na yakiachwa huushinda ule uliobandikwa. Hawasemi pia kwamba ni vyema kubakisha mti dume mmoja shambani kwa ajili ya uchavushaji.

Bei ni mara kadhaa ya ile ya mche wa kokwa, nami naiona ni ya haki. Wanunuzi wa Pemba wajue kwamba kitalu hakisafirishi. Mnunuzi hupakia miche botini mwenyewe, na ni lazima aifunike majani isipigwe na upepo wa chumvi.