Kayaki yangu ilizibwa na fundi wa matangi ya maji: uzoefu wangu

Ukiwa na kayaki ya plastiki inayoingiza maji, na uko huku pwani ambako vifaa vya kayaki havipatikani dukani, mtafute fundi anayechomelea matangi ya maji. Fundi wa faiba, yaani nyuzi za kioo zilizopakwa gundi, mwache, na wa bampa za magari mwache pia. Yangu ilifanyiwa kazi hiyo hapa Kilifi. Mabamvua kadhaa yamepita tangu wakati huo na sehemu iliyochomelewa haijapitisha tone.

Ni kayaki ya watu wawili, ile ya kukalia juu, rangi ya manjano, na niliinunua ikiwa imeshatumika. Natembeza nayo wageni kwenye hori, kando ya mikoko, na usiku wa giza nawapeleka wakaone maji yanavyowaka kila kafi linapoingia. Kayaki ya aina hii haizami upesi hata ikivuja, na hiyo ndiyo hatari yake. Maji hujikusanya ndani ya tumbo bila wewe kuyaona, na siku inapoinama kidogo yote hukimbilia upande mmoja, ikapinduka. Mgeni asiyejua kuogelea hastahili kufanyiwa hivyo.

Kabla ya kumlipa fundi yeyote, jua kwanza inavuja wapi. Mimi niliiweka juu ya magogo mawili, nikatia maji ndani kupitia tundu la kizibo, nikaangalia yanatokea wapi. Maji mengine yalitoka kwenye ribiti za mishikio, na hayo hayakuhitaji fundi: nilizitoa ribiti, nikaweka bolti zisizoshika kutu na pete za mpira. Kizibo nacho kilikuwa na mpira uliokauka. Nyufa zenyewe zilikuwa mbili: mmoja mrefu kwenye mkuku, usawa wa kiti cha nyuma, pale plastiki inapolika kwa kuburutwa juu ya mawe yenye chaza, na mwingine mfupi, pembeni mwa moja ya yale matundu ya kutolea maji yanayopenya kutoka juu hadi chini.

Aliyekuwa nayo kabla yangu alishaziba zote mbili. Ule mrefu aliupaka silikoni, ule mfupi akaubandika faiba. Silikoni niliivuta kwa kidole ikaja yote. Kiraka cha faiba kilibanduka kizima, na upande wake wa chini ulikuwa safi kabisa, hakuna hata chembe ya njano iliyoshikamana nacho. Kayaki nyingi za plastiki ni poliethilini, na poliethilini haikubali gundi kirahisi. Ziko epoksi maalumu, kama G/flex ya West System, zinazoshika ukipitisha kwanza moto wa tochi ya gesi haraka haraka juu ya plastiki ili uso wake ubadilike. Zinafanya kazi, ila kwetu ni za kuagiza na bei yake haifanani na mfuko wa mtembeza wageni.

Nilikwenda kwanza kwa mzee anayekalafati mashua, kwa kuwa ndiye ninayemwamini kwa jambo lolote la chombo. Aliigonga kwa kidole, akasema: "Mwanangu, mbao hunywa maji zikafura, ndipo zikaibana pamba. Hii yako hainywi. Nitakula pesa zako bure. Nenda kwa wanaoziba matangi." Namshukuru mpaka leo.

Njiani nilipitia kwa fundi wa bampa, maana yuko karibu na mashine yake ya hewa moto ni nzuri. Alijaribu kuyeyushia kijiti chake cha plastiki pembeni kidogo. Kilipopoa nilikisukuma kwa ukucha kikang'oka. Bampa nyingi ni polipropilini, ukizigeuza utakuta herufi PP zimepigwa kwa nyuma, na polipropilini haiungani na poliethilini hata uzichome namna gani.

Fundi wa matangi hakuongea sana. Alikwangua unyuzi wa plastiki kwenye ukingo wa kayaki, akauwasha, akaunusa: harufu ya mshumaa. Akachukua kipande cha tangi jeusi lililopasuka, akakata ujiti, akauyeyushia kwenye kona isiyo na kazi na kuniambia nisubiri upoe. Kisha akanipa koleo nivute. Haukung'oka. Ulinyooka, ukawa mwembamba, ukakatika huku mzizi wake umebaki kwenye kayaki. Hapo ndipo nilipomkabidhi. Jaribio hilo mdai fundi yeyote kabla hajagusa ufa wenyewe, na akikataa ondoka.

Kufanana kwa vitu hivi viwili si bahati. Tangi la maji na kayaki hutengenezwa kwa njia moja: unga wa poliethilini humiminwa ndani ya kalibu, kalibu ikazungushwa kwenye tanuri mpaka unga uyeyuke na kuganda ukutani. Mtungi wa mafuta wa lita 20 nao ni poliethilini, lakini haufai kukatwa ujiti, kwa kuwa aina yake hutiririka kwa shida ikiyeyuka. Fundi alinionyesha: ujiti wake ulikuwa unajikunja juu ya ufa badala ya kuingia ndani.

Kazi ilikwenda hivi. Alitoboa kwa keekee tundu dogo katika kila ncha ya ufa, ili usiendelee kukimbia. Akauchimba ufa wenyewe kwa kisu uwe mfereji mpana juu na mwembamba chini, karibu theluthi mbili ya unene. Akakwangua pembeni ile ngozi nyeupe iliyoliwa na jua mpaka plastiki yenye rangi ikaonekana. Akafuta kwa spiriti, akaacha ikauke. Ndipo akaleta moto, na hapa ndipo ufundi ulipo: aliipasha kayaki na ujiti kwa pamoja mpaka vyote viwili vikang'aa kama vimepakwa mafuta, akaukandamiza ujiti ndani ya mfereji polepole. Poliethilini huyeyuka karibu nyuzi 130 za Selsiasi tu, lakini haipitishi joto vizuri. Mwenye haraka huyeyusha uso peke yake huku chini kukiwa bado kubichi, au huiunguza mpaka ikatoa moshi, na iliyoungua haishiki tena.

Juu ya ufa mrefu alizamisha wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, kisha akaufunika kwa tabaka jingine. Alinizuia nisimwagie maji. Kikipozwa ghafla, kiungo hujivuta na kupasuka tena pembeni. Tuliiacha kivulini mpaka siku iliyofuata.

Nililipa shilingi 3,000 na kipande cha tangi kikiwa chake. Nilichompendea ni kwamba hakunidanganya kuhusu ufa mfupi. Pale pembeni mwa tundu plastiki imejikunja na mkono haufiki upande wa ndani, kwa hiyo alichomelea nje tu na kuniambia mahali hapo patataka kuangaliwa. Mpaka sasa pamekaa.

Yapo nisiyoyapenda. Alama ni nyeusi juu ya njano na inaonekana kutoka mbali, ingawa ule weusi ni kaboni, nayo huilinda plastiki dhidi ya jua, basi nimeridhika nayo. Kiungo alikiacha na nundu kubwa, nikalazimika kukipunguza mwenyewe kwa jiti la msasa, si mpaka kikawa sawa na bodi, maana ungekwangua wavu, bali mpaka kikaacha kukamata mchanga. Na wakati wa kuchomelea hakujifunga chochote puani. Nilimpelekea barakoa baadaye. Moshi ule si wa kuuvuta kila siku.

Si kila kayaki itakubali kazi hii. Chache hutengenezwa kwa poliethilini ambayo nyuzi zake zimefungamanishwa wakati wa kuokwa, na hiyo haiyeyuki tena. Ukiipasha huungua tu. Jaribio la ujiti litakuonyesha mara moja. Na kama bodi nzima imeliwa na jua, ukiikwangua inatoka vumbi na ukiibonyeza inalia, usitupe pesa: utaziba hapa ipasuke pale.

Ufa ukitokea ukiwa mbali na fundi, utepe wa lami unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya paa utakurudisha nyumbani, mradi uubandike pakavu. Ukifika, usafishe lami yote kwa mafuta ya taa, ufute tena kwa spiriti, ndipo uipeleke kwa fundi. Silikoni usiiweke kabisa hata kwa muda, kwa sababu mabaki yake hujificha ndani ya ufa na kuzuia plastiki isiungane. Ule ufa mrefu wa kwangu ulikula nusu ya muda wa fundi kwa kuchimba silikoni ya mtu mwingine.