Mashine ya skroli ya kununua: angalia klampu kwanza, mengine baadaye

Malalamiko ninayotumiwa inboksi ni yale yale. Mtu kanunua mashine ya skroli mpya kabisa, yaani ule msumeno wa umeme wa mezani wenye bledi nyembamba ya kukatia nakshi kwenye mbao, kaifikisha nyumbani, kabandika mchoro wake wa Ayatul Kursi kwenye plaiwudi vizuri tu, anafika kwenye kajicho ka herufi wau, bledi haipiti. Anaanza kujilaumu eti mkono wake mzito. Hapana mpenzi, mkono wako hauna shida yoyote, umeuziwa mashine ya bledi za pini na hakuna aliyekwambia.

Kwa hiyo leo wati sizungumzii, taa sizungumzii, kale kabomba ka kupuliza vumbi sikazungumzii, hivyo muuzaji yeyote atakusomea kwenye boksi. Nazungumzia klampu, yaani kile kidude kinachoshika bledi juu na chini, maana hicho ndicho kitakachoamua kama utaifurahia hii hobi au mashine itaishia stoo.

Bledi za skroli ni za inchi 5, kama milimita 130 hivi, na ziko za aina mbili. Kuna zenye pini, kile kijiti kidogo cha chuma kilichopita kwenye ncha kama msalaba, na kuna ambazo ncha zake ni bapa, hazina kitu. Ya pini kuifunga ni rahisi, unaining'iniza tu kwenye ndoano zake basi, ndo maana mashine nyingi za bei ya chini zimetengenezwa hivyo. Lakini ukitaka kukata uwazi wa ndani ya herufi unatoboa tundu na drili kwanza ndo upenyeze bledi, na ile pini lazima ipite humo, na ili ipite unahitaji tundu la karibu milimita 5, wakati bledi bapa ya saizi namba 1 inapita kwenye tundu la milimita moja na nusu bila tabu. Sasa chukua rula upime kajicho ka wau au ka mimu kwenye kibao cha saizi ya A4, utakuta milimita 3, labda 4. Hiyo pini utaipitisha wapi? Na bado bledi za pini ni pana, zile nyembamba za saizi namba 2/0 za kukata kona kali huzipati zikiwa na pini, kwa hiyo hata pale inapopita, ukifika kwenye kona unalazimika kupinda kwa duara kubwa na herufi inapoteza sura.

Haijaishia hapo. Zipo mashine zimeandikwa zinakubali aina zote mbili, unafurahi, unafungua boksi unakuta bledi bapa inashikwa na adapta yenye skrubu ndogo ya kukazwa kwa spana ya L. Ukiwa unakata umbo moja la nje hutaona tatizo. Ila jaribu kuiga zile nakshi za kwenye roshani za Dispensari ya Kale pale Unguja, ambapo kila uwazi unataka tundu lake: unalegeza mkazo wa bledi, unafungua klampu ya juu, unachomoa bledi, unasogeza mbao, unalitafuta tundu linalofuata kwa kupapasa, unapenyeza bledi, unafunga, unakaza, unaidonoa kwa kidole mpaka ilie ting, ndo unakata, halafu unarudia tena. Kibao chenye matundu 80, mara 80. Kwa spana ya L jioni yako yote imekwenda kwenye skrubu, na ile skrubu ikishakwisha pembe bledi inachomoka katikati ya kazi na kukwangua mbao uliyoihangaikia tangu asubuhi. Inauma sana.

Basi namba moja kwangu ni DeWalt DW788, na naipendelea waziwazi, wenye mashine nyingine mnisamehe. Ni ya inchi 20 kutoka kwenye bledi mpaka nyuma, spidi yake bledi inapanda na kushuka mara 400 hadi 1,750 kwa dakika, ina uzito wa kama kilo 25 kwa hiyo ikikaa imekaa, lakini sababu yangu ni ileile: bledi bapa, klampu unazungusha kwa vidole tu, na mkono wa juu unanyanyuka na kubaki juu ili upenyeze bledi kwenye tundu bila kuikunja. Swichi, spidi na mkazo vyote viko mbele, hunyooshi mkono kwenda nyuma. Ila sikiliza, hasa wewe unayetaka kumwagiza mjomba aliyeko Marekani: ya kule ni ya volti 120 na hetsi 60 (hetsi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde), umeme wetu ni volti 230 au 240 na hetsi 50, na transfoma inashusha volti tu, hetsi haigusi. Agiza iliyotengenezwa kwa umeme wa volti 230, Uingereza ziliuzwa, hata iliyotumika ikiwa safi chukua.

Namba mbili ni Hegner Multicut 2S, ya Ujerumani. Kwa utulivu hiyo haina mpinzani, unaweka sarafu imesimama juu ya meza yake na inabaki imesimama mashine ikiwa inanguruma, ina milimita 460 kwenda nyuma na inakata mbao ya mpaka milimita 65. Umeme wake ni kama wetu. Ningeiweka juu kama isingekuwa bei, euro elfu moja na zaidi kabla ya usafiri na ushuru, nani ana hizo kwa ajili ya hobi?

Ya tatu WEN 3921, inchi 16, kwao Marekani ni dola mia na kitu, inakubali pini na bapa. Inafaa kujifunzia, tatizo la umeme ni lile lile.

Zile za rangirangi za bei ya chini, nyingi ni mashine moja iliyobandikwa majina tofauti. Kama ni ya pini tu, acha. Bora ununue fremu ya mkono ya kukatia nakshi, inatumia bledi zilezile bapa za milimita 130 na kajicho ka wau utakatoa safi.

Sasa wauzaji. Ukiingia Kariakoo ukasema unataka mashine ya skroli unaletewa jigso, msumeno wa umeme wa kushika mkononi, ukikataa unaonekana msumbufu, na akina dada ndo kabisa, unaulizwa fundi wako yuko wapi! Ukiuliza bledi unajibiwa "zote sawa tu dada". Sio sawa! Na hizo bledi duniani kote zinauzwa kwa dazeni, Pégas za Uswisi, Olson za Marekani, huku mtu anakufungulia pakiti anakuuzia moja moja kwa bei ya kukomoa, imepigwa kutu juu.

Kwa hiyo beba bledi yako bapa kwenye pochi, mwambie muuzaji aifunge kwenye mashine mbele yako, uone anatumia vidole au spana. Akisema boksi halifunguliwi mpaka ulipe, toka nenda duka la pili. Na kama kuna anayeleta bledi bapa namba 1 na 2/0 kwa dazeni, Dar au Mombasa, anitumie bei niwapelekee wanaonisumbua inboksi.