Mashine ya boti imenadiwa mtandaoni, "mshindi" kaingia mitini: uchambuzi wa programu ya mnada

Tupo? Inarekodi? Haya. Wadau, wakubwa zangu shikamooni, rika langu mambo vipi. Hapa ni Kirumba, Mwanza, na leo nina hasira, kwa hiyo mkisikia sauti inapanda msikimbie. Kaeni, kuna jaribio nitalifanya mbele yenu ambalo hamjawahi kuona mtu akilifanya.

Leo ni programu ya mnada. Ile ya kuuza vitu kwa dau, mliyoniuliza sana kwenye maoni. Jina silitaji, na mkiangalia kioo cha simu mtaona nembo nimeifunika kwa plasta. Ndiyo, plasta ya kidonda. Sitaki kupigiwa simu na mwanasheria wa mtu. Inaingia kwenye simu gani, inakula bando kiasi gani, hayo nayaruka, mnayajua. Kusajili, kupiga picha, kuandika maelezo: vizuri tu, sina neno. Mimi nataka tuzungumzie kitufe kimoja. Hiki hapa. "Weka dau."

Kwanza mjue kilichonileta. Mjomba wangu wa Igombe ameacha uvuvi, akaniachia mashine ya boti nimuuzie. Yamaha ya HP 15, wavuvi mnaijua, haihitaji maelezo. Nikaona, badala ya kuhangaika na wale wa "bado ipo?" na "mwisho shilingi ngapi?", niweke kwenye mnada, watu wagombanie wenyewe. Bei ya kuanzia milioni moja na nusu. Ikapanda, jamani. Milioni mbili, mbili na nusu, siku ya kufunga ikagonga 3,100,000. Nikampigia mjomba, akashangilia mpaka majirani wakamsikia. Mshindi akaandika yuko Sengerema, anakuja kuichukua. Nikajibu karibu sana. Zamani mtu wa Sengerema angesingizia foleni ya kivuko, lakini daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita tatu juu ya ziwa, unakatiza kwa dakika chache tu. Kisingizio hakuna. Basi akazima simu. Mpaka leo.

Na kilichoniudhi hasa si yeye. Matapeli na wababaishaji tumezaliwa tukawakuta. Kilichoniudhi ni kwamba programu ilimrahisishia kila kitu, mimi ikaniandikia deni. Sasa ngojeni niwaonyeshe, msije mkasema naongea tu.

Simu ya mkono wa kulia ni ya muuzaji. Hii ya kushoto, yenye kioo kilichopasuka, ni ya mnunuzi. Mdogo wangu, sogeza kamera. Karibu zaidi. Hapo hapo. Nimeweka sokoni feni ya mezani, mbovu, bawa moja limekatika, na kichwa cha tangazo kinasema wazi: "JARIBIO, USINUNUE." Kwa hiyo asije mtu akasema nimechezea watu rafu. Bei ya kuanzia elfu 5.

Upande wa mnunuzi: akaunti nimefungua asubuhi kwa laini mpya. Imeniomba nini? Namba ya simu na jina. Jina nimeandika "Feni Feni". Imekubali! Namba ya NIDA haijaniuliza. Salio kwenye M-Pesa au Airtel Money haijaniuliza. Haya, naandika dau: laki tisa. 900,000. Inauliza, "Una uhakika?" Nina uhakika. Tayari. Nimeahidi laki tisa kwa feni iliyokufa, na kwenye hii laini hakuna hata ya kununua vocha.

Subirini, najua wengine mnaona bei imesimama pale pale elfu 5, mnadhani imegoma. Haijagoma. Programu inaficha dau lako la juu, halafu inakupandishia kidogo kidogo, inamzidi tu anayekufuata. Huo ni utaratibu wa miaka mingi wa eBay, lile soko la mnada la mtandaoni la Marekani, na, niseme ukweli, ni mzuri. Hukeshi na simu. Ila ndiyo maana nahitaji simu ya tatu. Dogo, lete yako. Acha uchoyo, nakurudishia. Naweka 850,000 kwa akaunti yake... na... oneni! Oneni hapo! Feni mbovu, shilingi 855,000! Laki nane na hamsini na tano kwa ahadi mbili za watu wasio na kitu.

Sasa saa inahesabu chini, tusubiri ifunge. Tukiwa tunasubiri, tangazo la chaneli: nimepata kipaza sauti kipya, ndiyo maana hamsikii zile pikipiki za barabarani. Walioniombea, asanteni. Wiki ijayo tunachambua taa za sola za kuvulia dagaa, tutaingia nazo ziwani usiku kabisa. Kama hujabonyeza kengele, bonyeza. Haya... tatu, mbili, moja. "Hongera, umeshinda!" Na vikaratasi vya rangi vinadondoka kwenye kioo kama harusi.

Tazameni simu ya mshindi. Vitufe viwili. "Lipa" na "Baadaye". Nabonyeza "Baadaye". Imefunga. Imeniaga kwa adabu, hata onyo hakuna.

Simu ya muuzaji sasa. Mmeona? "Unadaiwa kamisheni, 68,400." Asilimia nane ya 855,000. Nadaiwa mimi! Pesa sijaiona, feni bado iko mezani, na deni limeshakaa kwenye akaunti. Kitufe cha kulalamika kiko wapi? Hiki, cha kijivu. Nabonyeza, hakibonyezeki. Kinafunguka baada ya muda wao kupita. Kwa mashine ya mjomba deni lilikuwa 248,000, na mpaka nilipofutiwa, akaunti ilizuiwa kuweka tangazo lingine. Piga hesabu mwenyewe: hujauza, na kuuza umezuiwa.

Kuna anayesema, mpe wa pili. Nilimfuata wa pili. Alikuwa ameweka 3,050,000. Akaniuliza, "Kwani yule wa kwanza ameona nini kwenye mashine akakimbia?" Mnaona ubaya wake? Mshindi hewa hakunikosesha hela yake peke yake, ameitia doa na mali. Wa pili akashuka mpaka milioni mbili na laki mbili. Nikamwambia kaka, nenda salama.

Eti nikasema basi yule mshindi hewa nimpe nyota moja, wauzaji wengine wajihadhari naye. Haiwezekani. Muuzaji anaruhusiwa kumpa mnunuzi nyota tano au kunyamaza. Hili nalo wamelitoa eBay. Mwaka 2008 eBay waliwazuia wauzaji kuwaandikia wanunuzi maoni mabaya. Na walikuwa na sababu, tusiwe waonevu: kuna wauzaji walikuwa wanalipiza kisasi, ukinisema vibaya na mimi nakusema vibaya, wanunuzi wakaogopa kusema ukweli. Sawa. Lakini eBay wameacha njia nyingine. Mnunuzi asipolipa, baada ya siku nne muuzaji anaruhusiwa kufuta oda, kamisheni anarudishiwa, na asiyelipa anawekewa alama kwenye akaunti yake. Hawa wetu wamechukua nusu ya sheria, ile nusu inayombana muuzaji.

Tena kwenye kamisheni, hebu nitoke nje ya mada kidogo. Huku inahesabiwa juu ya bei pamoja na nauli ya mzigo! Ukimtumia mtu wa Bukoba redio kwa basi, nauli anakula mwenye basi, asilimia yake unalipa wewe. Wenzetu wanarudi nyuma kwenye mambo haya. eBay ya Ujerumani iliwaondolea ada wauzaji binafsi mwaka 2023, ya Uingereza ikafuata mwaka 2024, isipokuwa kwenye magari, halafu mwaka 2025 Uingereza wakaihamishia ada kwa mnunuzi. Mtu anayeuza kabati la nyumbani kwake si kampuni. Haya, turudi.

Suala la wanaovizia sekunde ya mwisho mlilouliza: lipo, mnada unafunga kwa saa, mtu anajitokeza zikibaki sekunde mbili, wengine wanabaki midomo wazi. Yahoo ya Japani wana utaratibu, dau likiingia ndani ya dakika tano za mwisho muda unaongezeka. Lakini hilo kwangu dogo. Mviziaji angalau analipa.

Na kwa kuwa nimeitaja Japani. Wangapi hapa mnaendesha IST? Gari hizo nyingi zimepitia mnadani kule, zikaja na karatasi ya ukaguzi yenye alama, 4, 3.5, au ile R ya gari lililogongwa likatengenezwa. Mnajua nani anaruhusiwa kuweka dau kule? Wanachama waliosajiliwa tu, wafanyabiashara wa magari. Wewe na mimi hatuingii, tunamtuma wakala. Anayenyoosha mkono anajulikana ni nani na anapatikana wapi.

Msiende mbali. Fungua gazeti lolote, soma tangazo la dalali anayeuza nyumba ya mtu aliyeshindwa mkopo. Mstari wa chini unasema nini? Mshindi alipe asilimia 25 papo hapo, iliyobaki ndani ya siku 14. Akishindwa, ile 25 imekwenda, na mali inanadiwa upya. Hata awe mkorofi namna gani, pale atafikiri kabla ya kufungua mdomo. Kwa nini? Kwa sababu dau lake lina uzito mfukoni. Ndicho hiki kitufe kinachokosa. Sisemi robo nzima. Washike hata elfu kumi kwenye M-Pesa ya mtu kabla hajaweka dau, asiposhinda irudi muda huo huo. Feni Feni angeishia hapo hapo kwenye elfu kumi.

Uzuri upo, nisije nikaonekana nimelipwa na washindani. Inafika mbali. Nimeuza pasi, spika na baiskeli ya mtoto, wanunuzi wakatoka Musoma, Geita, hata Nansio, na mzigo wa Nansio ukaenda na meli bila shida. Vitu vya elfu 50 kushuka chini vinalipwa vizuri tu, sijui kwa nini, labda hakuna anayeona raha kumchezea mtu wa pasi. Na bado ni nafuu kuliko muda wa kujibu "mwisho shilingi ngapi" siku nzima. Mngeniuliza wiki iliyopita ningewaambia ifuteni. Leo naiacha kwenye simu.

Ila kwa kitu cha milioni, hapana. Sita kwa kumi, na hizo sita nyingi ni za picha.

Mashine ya mjomba nimeitoa huko. Iko hapa Kirumba kwa dalali wa kawaida, asilimia yake anachukua akishauza, si kabla. Bei milioni mbili na laki nane, inapungua kidogo kwa anayekuja na hela mkononi. Pipa la maji lipo, unawasha mwenyewe, unasikiliza. Atakayeandika kwenye maoni "nitakuja kesho", aandike na saa.