TAHADHARI: Fundi wa mlango wa gereji wa dola 29 amenila dola 1,480

Ndugu zangu wa Houston, Katy na Sugar Land, naandika haya saa tisa usiku nikiwa mapumziko kazini, na hasira bado imenikaa kooni. Nimepigwa. Nimepigwa mchana kweupe, ndani ya gereji yangu mwenyewe, tena huku namshikia tapeli tochi.

Baba Nasra, najua utacheka. Cheka tu. Mimi nilikucheka kwa ile waranti ya gari, leo zamu yako.

Mlango mnaujua, ni ule uliopiga kelele siku ya shughuli mpaka Mzee Kombo akauliza kama huko nyuma tunachinja ng'ombe. Kelele tu. Ulikuwa unafunguka, unafunga, rimoti inafanya kazi. Basi ikaja kuponi kwenye sanduku la posta, ya njano, ina picha ya familia inacheka mbele ya mlango mweupe: ukaguzi na kupaka mafuta, dola 29. Nikasema dola 29 ni hela ya chakula cha mchana cha watu wawili, kwa nini nihangaike na ngazi? Nikapiga. Dada aliyepokea alisema tu "huduma ya milango ya gereji", hakutaja jina la kampuni. Sikuona kitu hapo.

Kijana alifika Jumanne saa tisa alasiri, kabla ya muda. Nasisitiza hilo kwa sababu mtu anayefika kabla ya muda humtilii shaka. Sare safi, glavu, kompyuta ya mkononi, na mlangoni akavaa vile vifuko vya viatu wakati gereji yenyewe ni sakafu ya zege iliyojaa mafuta ya gari. Akamsalimia mwanangu Amani kwa kumgonga ngumi. Niambieni, ningeshuku nini?

Akaanza vizuri. Akavuta ile kamba nyekundu inayoning'inia kwenye mota, mlango ukaachana na mashine, akauinua kwa mkono hadi usawa wa kiuno na kuuachia. Ukakaa pale pale. Kumbukeni hilo, kwa sababu mimi lilinitoka kichwani. Akaushusha. Akapanda ngazi, akasema anakagua "usalama wa springi", zile zinazobeba uzito wa mlango. Akachomoa vyuma viwili virefu kama nondo, akavichomeka kwenye kichwa cha springi ya kwanza na kulegeza boliti, akawa anazungusha robo mzunguko, anachomeka kingine, robo tena. Mimi chini na tochi, kama mtumbuizwa. Nilihesabu robo nane kisha nikaacha. Akahamia springi ya pili.

Alipomaliza akaniambia, njoo uone mwenyewe. Akauinua tena mlango hadi kiunoni, akauachia.

Ukaanguka. Kishindo kile, ndugu zangu, Amani alipiga yowe na mama yake akatoka jikoni mbio. Huyu kijana akanitazama kwa huzuni, huzuni kabisa, kama daktari anayeleta majibu mabaya, akasema: bwana, springi zako zimekufa, na hapa chini anapita mtoto.

Hapo ndipo alipoingia moyoni mwangu.

Kisha akaniuliza nyumba ni ya mwaka gani. Nikasema 2017. Akasema springi za kawaida hutengenezwa kwa kufunguka na kufunga kama mara 10,000, unatumia mlango mara ngapi kwa siku? Nikapiga hesabu: mimi natoka narudi, mama Amani anatoka anarudi, mara nne, kwa mwaka ni kama 1,460, kwa miaka saba zaidi ya 10,000. Hesabu ikakubali! Na hilo la 10,000 ni kweli, nimekuja kulihakiki baadaye. Alinipa ukweli mmoja nimezee uongo kumi. Hakuniambia hesabu hiyo haiui springi iliyokuwa imeshika mlango dakika kumi kabla, wala kwamba zile robo zake ndizo zilizozilegeza.

Ikaja orodha: springi mbili "za maisha", kebo, beringi, vigurudumu 12, kazi. Dola 1,680. Akataka pia kuniuzia sensa mpya za pale chini, zile za kuzuia mlango usimshukie mtu, eti zangu zimepitwa na sheria, dola 240. Nikakataa! Nikasema hapana, sensa zangu zinawaka taa. Nikajiona mjanja wa mji. Nikashinda 240 nikapoteza 1,480, na kwa sekunde kadhaa nilikuwa natabasamu. (Sensa ni lazima kwenye kila mota iliyotengenezwa Marekani tangu 1993, zangu zilikuwa nzima na zimefungwa chini kabisa inavyotakiwa.)

Nikajaribu kusema nifikirie. Akasema sawa, hakuna neno, ila hawezi kurudisha springi zilizokufa, mlango utabaki hivyo. Na Camry yangu iko ndani. Zamu saa moja usiku. Mlango wa magari mawili bila nguvu ya springi ni zaidi ya kilo 60, nikajaribu kuuinua nikaacha. Nilimwomba mwenyewe aendelee. Mimi! Akanipa punguzo la dola 200 nikilipa kwa Zelle, ile ya kutuma hela moja kwa moja kutoka benki, nikalipa nikiwa nimesimama, na nikasema asante. Nikampa na maji baridi.

Springi za zamani akaondoka nazo, "tunazitupa bure".

Alfajiri narudi kutoka kazini nabonyeza rimoti. Mlango ukapanda. Na kelele ile ile! Ng'ombe yule yule wa Mzee Kombo. Nimelipa dola 1,480 kwa ajili ya kelele na kelele iko palepale.

Nampigia simu inaita mpaka inakatika. Nimepiga siku tatu. Garanti ya maisha, sijui maisha ya nani. Nimeifuata anwani iliyo kwenye kuponi, ni duka la kukodisha masanduku ya barua.

Jirani yangu akanipeleka kwa fundi wake, mzee mmoja wa Kimeksiko mwenye pikapu iliyochoka. Akasikiliza mlango mara moja. Akachukua kopo la grisi nyeupe ya lithiamu, akapuliza kwenye bawaba, kwenye beringi za vigurudumu na juu ya springi, akafuta reli kwa kitambaa kikavu, reli hazipakwi kitu. Dakika kumi na tano. Kimya. Unasikia mota tu. Alikataa hela, nikamlazimisha achukue 40. Akahesabu vigurudumu kwa kidole: kumi. Mlango wangu wa paneli nne una vigurudumu 10, nimelipia 12. Vyenyewe nane kati ya hivyo ni vile vile vya zamani vimefutwa vumbi. Springi kweli ni mpya, ila akasema kwa mlango huu angenifungia zote mbili kwa chini ya 400, na kwamba hazikuhitajika.

Nilimsimulia zile robo nane. Mzee akatikisa kichwa, hakusema kitu, akatazama pembeni kwa heshima. Bora angenitukana.

Benki wanasema nilituma mwenyewe, kwa hiari, kwa hiyo si wizi. Ningelipa kwa kadi ya mkopo ningeweza kupinga lile deni. Punguzo la dola 200 lilikuwa la kazi hiyo, kuniondoa kwenye kadi. Malalamiko nimeyapeleka ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Texas, na nitatuma nakala kila wiki mpaka wachoke na jina langu. Huyu kijana ni wa kufungwa. Si faini, kufungwa, na huko ndani wamfungie mlango unaopiga kelele usiku kucha. Na yule dada wa simu naye. Na aliyechora ile familia inayocheka! Mungu anisamehe, kuna dakika nilitamani ile springi ingemteleza mkononi, halafu nikakumbuka springi hizo zinavunja mkono kweli, watu wameumia, nikafuta dua. Nabaki na kifungo.

Mnaouliza dalili: simu isiyotaja jina la kampuni, gari jeupe lisilo na maandishi, bei ya kuponi isiyoweza hata kulipa petroli yake. Akigusa springi kabla hujakubaliana bei kwa maandishi, mwambie ashuke kwenye ngazi. Toeni gari nje kabla fundi hajafika, hili lingeniokoa peke yake. Vipande vya zamani vibaki kwako. Na kile kipimo cha kamba nyekundu fanyeni wenyewe kabla hajaja, mlango ukiwa umefungwa: vuta kamba, inua hadi kiunoni, uachie taratibu. Ukikaa, springi ni nzima, piga video yenye tarehe. Grisi mnaweza kupaka wenyewe mara mbili kwa mwaka, kopo halifiki dola 10. Boliti za springi na za kebo pale chini msiguse.

Mama Amani hajasema neno tangu Jumanne. Angesema ningepumua. Kuponi ameibandika kwenye friji kwa sumaku, kila nikifungua maziwa naiona ile familia.

Mwenye kupata kuponi ya njano kama hiyo, asiitupe. Panga naye siku, kisha nipigie. Nitakuja mapema nikae jikoni kwako. Usimwambie nipo.